Kiroba Ambacho Hakuna Aliyekionja

Sifa ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeficha karanga chini ya udongo na kuyainua mahindi juu ya vichwa vyetu, akampa binadamu meno ya kutafunia, na meno yakiisha humwachia ulimi wa kusimulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyewahi kumfundisha mwenzake herufi moja kwa subira. Nikiisha kumshukuru Mola wangu kwa afya na kwa umri, naanza.

Mimi ni mkaangaji. Nimefundisha wasichana Kurani ukumbini kwangu kwa miaka mingi, nimezaa, nimezika mume, lakini mgeni akiulizia nyumba yangu hapa Sumbawanga mjini haelekezwi kwa mwalimu wa madrasa. Anaelekezwa kwa bibi wa karanga. Sijawahi kukasirika. Anayefundisha na anayekaanga wote wanangoja kitu kiive.

Ninachokaanga ni mchanganyiko wa safari: karanga, mahindi makavu, njugu mawe na mbegu za maboga. Kila kimoja kinakaangwa peke yake, kwa sababu kila kimoja kina muda wake motoni, na mtu mvivu anayevitia vyote kwenye karai moja atapata karanga zilizoungua na njugu mbichi. Karanga na mahindi hulowekwa usiku mzima katika maji ya chumvi, huanikwa kwenye ungo mpaka vikauke, ndipo huingia kwenye karai lenye mchanga wa moto. Mchanga hushika joto lisizidi mahali pamoja. Baadaye unachekecha, mchanga unabaki, chakula kinatoka. Mbegu za maboga hazitaki mchanga wala kelele. Dakika chache tu, zikianza kuruka unaziepua.

Kazi hii nilipewa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nilipoletwa hapa kutoka Kigoma kama bibi harusi, yeye alikuwa akiwakaangia watu wa kuteremka bondeni kwa miguu, wale wa kwenda Kaoze. Mtu alijaza mfuko mmoja wa koti, akashuka mlima akitafuna, akafika chini bila kuomba chakula mlangoni kwa mtu. Mama mkwe alipenda kusema kwamba chakula cha njiani hakina haja ya kuwa kitamu sana. Kinatakiwa kisioze, kisimwagike, na kisimfanye mtu akae chini.

Sasa magari yapo, na anayeteremka Kaoze anateremka amekaa. Lakini wapo ambao bado hutembea kwa hiari yao. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Kwaresima, Wakatoliki wa hapa mjini hutoka alfajiri kwa miguu mpaka Msanzi, wakisali Njia ya Msalaba kituo kwa kituo kando ya barabara. Njia hiyo ni ya vilima vitupu, nyasi na upepo, mti ni wa kutafuta. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni katekista wao, na tangu nywele zetu zikiwa nyeusi amekuwa akija kwangu siku ya kuamkia safari, nampa kiroba cha mchanganyiko, yeye na akina mama wa parokia wanakigawa katika vifuko vidogo, kila mtembeaji na chake. Hakuna siku tuliyokaa kujadili kwamba mimi ni Mwislamu na wao ni Wakristo. Njaa ya barabarani haina dini, na karanga pia.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Mji mzima ulikuwa umefunga, kila mtu kwa njia yake. Na mwaka huo huo ndipo nilipoambiwa nipumzike.

Aliyeanza ni mwanangu. Ana duka, Mungu ambariki, na dukani kwake zilikuwa zimeingia pakiti mpya za kung'aa, zenye korosho, zabibu kavu na vipande vitamu vya rangi rangi. Alikuja nazo nyumbani, akaziweka juu ya meza.

"Mama," akasema, "siku hizi watu wanataka kitu chenye pakiti. Kina tarehe ya mwisho, kimefungwa, hakijashikwa na mtu."

"Mimi nashika kwa mwiko."

"Sijasema mikono yako michafu, mama. Nasema moshi, mama, na mgongo. Umekaanga inatosha. Pumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi kampumzishe huyo."

Siku mbili baadaye akaja mwenyekiti wa vijana wa parokia, kijana mrefu mwenye sweta jekundu, mwenye adabu. Akanipigia shikamoo, nikaitikia marahaba, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kuondoka upesi.

"Bi Mkubwa," akasema, "tunashukuru sana kwa miaka yote. Ila vijana wa kamati wameleta wazo. Wanasema mchanganyiko wako ni mzuri, lakini wa kizamani kidogo. Wanataka zile pakiti za duka la mwanao."

"Na wewe unasemaje?"

Akacheka. "Mimi niko katikati, Bi Mkubwa. Tumekubaliana hivi: mwaka huu twende na wako, halafu tuwaulize watembeaji. Wakiridhika, tunaendelea. Wasiporidhika, kuanzia mwakani ni pakiti, nawe utapumzika kwa heshima zote."

Neno lile tena. Nilimtazama yule kijana, nikamwona mtoto mdogo aliyekuwa akipita langoni kwangu akitoka shule, mkono umenyooshwa, nami nikimtilia karanga kiganjani. Sikumkumbusha. Nilimwambia tu, "Nenda kawaambie kamati kwamba mtihani nimeukubali."

Nataka msomaji anielewe. Sikuwa naogopa kukosa riziki. Mungu amenitosheleza, na mwanangu ananitunza. Nilichoogopa ni kuketi. Nimewaona wanawake wa rika langu walioambiwa wapumzike wakapumzika. Waliletewa kiti kizuri uani, wakaletewa chai, na kila mwaka kiti kilisogezwa karibu zaidi na kitanda. Kiroba kile ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa natoa ambacho mtu alikihitaji nje ya ukuta wa nyumba yangu. Kikikoma, mimi ni mtu wa kuletewa tu.

Kwa hiyo nilisimama jikoni Ijumaa asubuhi nikiwa na hasira, na hasira ni kiungo kibaya.

Mke wa mwanangu tunaishi naye nyumba moja. Ni mwanamke mpole, mtoto wa wakulima wa Mwimbi, aliyesilimu kwa ajili ya ndoa na akaisoma dini kwangu mwenyewe, neno kwa neno. Siku ile hakuwa amefunga, kwa udhuru ambao Mungu amewapa wanawake. Nilipoingia jikoni nilikuta karanga na mahindi viko kwenye ungo, vikavu. Nikadhani ameviosha tu na kuvianika, kwa sababu loweko la chumvi nimezoea kulifanya mwenyewe, na jioni ya Alhamisi nilikuwa nimelala mapema na maumivu ya kichwa. Nikachota maji, nikayakoroga na chumvi mpaka yakawa kama machozi, nikaanza kunyunyizia.

"Mama," akasema mkwe wangu mlangoni, "hizo karanga jana mimi..."

"Nimeanza kukaanga kabla mama yako hajaolewa," nikamkata.

Akavuta ungo wa njugu. Mkwe wa Kifipa aliyelelewa vizuri hamwelezi mama mkwe jambo mara ya pili. Alikaa akipepeta. Nilinyunyizia mara tatu, nikaacha zikauke kidogo kando ya moto, nikamimina kwenye mchanga, nikakaanga. Rangi ilitoka nzuri, harufu ikajaa uani mpaka majirani waliofunga wakalalamika ukutani. Nilipokwisha kuchekecha, akaja tena, akapiga goti kidogo, na akasema kwa sauti ya chini sana, kwa aibu:

"Mama, mimi leo sifungi. Nikuonjee?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo naliandika bila kulipunguza. Kwanza, alikuwa amefungua siri ya mwili wake ili kunisaidia, nami sikuona heshima iliyokuwa ndani yake. Pili, mimi mwenyewe nimefundisha kwa miaka kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akitema, haja ikiwapo, na funga yake haiharibiki. Naijua ruhusa hiyo na maneno waliyoitolea wanavyuoni. Lakini nilikuwa nimejijengea sifa mtaani kwamba bibi wa karanga haonji, anajua chumvi kwa harufu. Sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyopaswa. Na niliposikia neno "nikuonjee," sikusikia msaada. Nilisikia kamati.

"Vyangu havionjwi," nikamwambia. "Funga mdomo wa kiroba."

Akafunga.

Katekista alikuja baada ya Alasiri. Alikuwa amevaa koti lake la mvua, midomo mikavu.

"Habari za funga, dada?"

"Njema, Mwalimu. Za kwako?"

"Ijumaa ya Kwaresima, dada. Tangu jana jioni sijatia kitu kinywani. Nasikia harufu yako mpaka kanisani. Wewe ni jaribu langu la arubaini."

"Basi onja, nikusikie."

"Nionje? Unataka nikatubu tena kesho? Onja wewe."

"Mimi nina Ramadhani."

"Mimi nina Ijumaa."

Tukatazamana, wazee wawili na kiroba kilichojaa, hakuna mwenye ruhusa ya punje moja. Tulicheka mpaka akashika ukuta. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu akifagia. Hakucheka. Katekista alikiinua kiroba begani, akaondoka nacho kwenye matope, mimi nikamsindikiza mpaka langoni nikiwa na fahari.

Adhana ya Magharibi ilipotoka nilifungua kwa maji na tende, kama inavyotakiwa, halafu, kwa hamu ya siku nzima, nikachota kiganja kutoka kwenye masalio yaliyobaki jikoni.

Sijui niieleze vipi chumvi ile. Haikuwa ladha, ilikuwa pigo. Ulimi ulikunjamana. Nikatema, nikanywa maji, nikachukua punje nyingine nikidhani ni bahati mbaya ya punje moja. Ilikuwa hivyo hivyo. Mahindi nayo vilevile.

"Jana ulizifanyaje?" nikamuuliza mkwe wangu.

"Nilizilowekea chumvi, mama. Kama ulivyonifundisha. Nilikuona umelala na kichwa kinakuuma, nikasema nisikuamshe."

Mwanangu akachukua punje mbili kutoka sahanini, akatafuna, macho yakamtoka. Kwa heshima alijaribu kumeza. Hakuweza.

"Mama," akasema akijifuta, "hii ukimpa mtu atembee nayo mpaka Msanzi, atakunywa mto." Kisha akanionea huruma, na huruma yake ikaniuma zaidi. "Usihangaike. Asubuhi nitapeleka maboksi mawili ya pakiti, bure, nitasema ni zawadi yako. Hakuna atakayejua. Aibu iishe."

"Aibu ni ya nani?"

"Mama..."

"Ni ya nani?"

"Ni yako, mama, lakini..."

"Basi niachie. Usinibebee."

Nikampigia simu katekista. Alikuwa anakula uji wake wa kufungulia.

"Mwalimu, ulichobeba kina chumvi mara mbili. Nimekosea. Usigawe."

"Dada, kimeshagawiwa tangu saa kumi na mbili. Kila mtu ana kifuko chake. Na vijana hawajangoja kesho, wameshaanza kutafuna."

"Wanasemaje?"

"Sitakwambia wanasemaje. Mimi ni mtu wa dini."

"Waambie wasitupe. Nitawafikia njiani."

"Utawafikia na nini? Na wewe umefunga! Dada, tutakunywa maji, Mungu atatuvusha. Wewe pumzika."

Hata yeye. Nilikata simu.

Nilisali, nikalala, nikaamka kwa daku, nikasali Alfajiri, na mwanga ulipoanza kuingia kwenye ukungu niliwasha majiko mawili ya mkaa. Mahindi yasiyolowekwa hayatafuniki, ni kokoto, na muda wa kuloweka haukuwapo. Nikamwambia mwanangu akanifungulie duka, aniletee mahindi ya bisi na karanga mbichi. Ninaandika hili kwa unyenyekevu, kwa sababu maisha yangu yote nimezidharau bisi. Nimeziita upepo uliovishwa nguo. Asubuhi ile nilizikaanga karai baada ya karai, bila chumvi hata chembe, na karanga mbichi nikazikaanga kavu kwenye mchanga.

Nilipomaliza karai la kwanza nilimwita mkwe wangu. Nilimwekea bakuli mbele: bisi, karanga za leo, na masalio ya jana.

"Onja," nikamwambia. "Uniambie kipimo."

Aliniangalia kama mtu anayeogopa mtego.

"Jana ulitaka kuniambia, nikakukata. Nisamehe. Onja."

Alionja polepole, akichanganya kiganjani, akitikisa kichwa, akiongeza. Mwanamke yule ana ulimi ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Akafika mahali akasimama. "Kimoja cha jana kwa vitatu vya leo, mama. Na mbegu za maboga zikiwapo, viwili na nusu vinatosha."

"Una uhakika?"

"Mchanganyiko huu simuuzii mtu, mama. Huu ningempa baba yangu aende nao shambani."

Tukajaza viroba viwili, vyepesi kama mito ya kulalia. Mwanangu akaita bajaji. Dereva alikuwa kijana mchangamfu aliyeanza kwa "Mambo!" kwa mkwe wangu, akaniona mimi, akajirekebisha upesi: "Shikamoo bibi. Tunahama?"

"Tunawafuata Wakristo," nikamwambia. "Barabara ya Msanzi. Na usiniendeshee kama mgonjwa."

Mvua ya usiku ilikuwa imeacha barabara ina utelezi pembeni. Baridi iliingia ndani ya sweta na ushungi. Viroba tulivikumbatia, mimi kimoja, mkwe wangu kimoja, na kila kilima tulichopanda nilitazama mbele nikitafuta watu. Kwenye mashamba mahindi yalikuwa yamesimama mabichi, ulezi umeanza kuinama. Midomo yangu ilikuwa mikavu, na sitasema sikutamani maji.

Tuliwapata baada ya daraja dogo, wamefika kituo, wamepiga magoti wanasali. Niliteremka nikamwambia dereva azime. Sala ya mtu haikatizwi. Nilisimama kando ya nyasi na kiroba changu mpaka walipomaliza na kuinuka, magoti yamelowa. Ndipo waliponiona, na kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele.

"Bi Mkubwa!" akaita mwenyekiti wa vijana, sweta lake jekundu limejaa matone. "Umekuja kutuona tulivyokauka? Umetuloweka kama samaki wa Ziwa Rukwa! Tangu saa kumi na mbili asubuhi tunakunywa kila kijito!"

"Mimi yangu nimempa ng'ombe," akasema kijana mwingine. "Amenifuata mpaka sasa anataka nyingine."

Wakacheka sana, na kicheko kilikuwa cha haki. Katekista alikuja haraka kutoka mbele, anataka kunitetea, nikamwonyesha mkono aache.

"Nisikilizeni," nikasema. Sauti yangu si kubwa tena, lakini imezoea kusomesha darasa. "Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Mke wa mwanangu aliziloweka kwa chumvi, mimi nikazitia chumvi juu yake bila kumuuliza. Akataka kuonja, nikamkatalia kwa kiburi. Nimefunga, lakini dini yangu haikunikataza kuonjesha. Nilijikataza mwenyewe ili nisifiwe. Basi nimekuja kurekebisha. Msitupe vya jana. Leteni vifuko vyenu."

Hakuna aliyecheka hapo. Mzee mmoja mkulima, amevua viatu na amevibeba begani, akasogea wa kwanza.

"Mimi sikuona ubaya, mama," akasema. "Jasho linatoka na chumvi, chumvi inarudi. Wenye ulimi wa mjini ndio wamelia."

"Usinionee huruma, baba."

"Sikuonei. Niongezee hizo bisi."

Tulipanga viroba kwenye nyasi juu ya khanga. Mkwe wangu alipokea kifuko, akamwaga sehemu kwenye bakuli, akaongeza vitatu, akatikisa, akaonja punje mbili, akarudisha. Kifuko kwa kifuko. Mara nyingine alisema, "Huyu alikula karanga akaacha mahindi, mama, aongezwe karanga," nami nikaongeza. Vijana walipanga foleni, wakaanza kutaniana kwamba bibi amekuja na dawa. Aliyempa ng'ombe alijaribu kupanga foleni mara mbili, mkwe wangu akamwambia aende akadai kwa ng'ombe.

Mwenyekiti wa vijana alikuwa wa mwisho. Alitia kiganja kinywani, akatafuna akitazama mbali kama hakimu. Nilimsubiri. Sioni aibu kusema kwamba niliogopa jibu lake.

"Hii ni nzuri," akasema. Kisha akawa mkweli, na kwa ukweli huo nampenda mpaka leo. "Lakini, Bi Mkubwa, asubuhi imeshapita, na watu wameshasema. Kamati itakaa. Siwezi kukuahidi."

"Sijaomba ahadi," nikamwambia. "Kamati ikae. Kukaa ni kazi ya kamati. Mimi nitakuwa jikoni."

Katekista aliniomba angalau nirudi na bajaji kabla jua halijakaza. Nilirudi, maana nilikuwa nimemaliza. Njiani mkwe wangu alinishika mkono, nami sikuutoa.

Kamati ilikaa. Mwaka uliofuata wakachagua pakiti za kung'aa, kwa kura, kama haki yao ilivyo. Mwanangu aliwauzia. Alinijia akiwa na uso wa msiba kunieleza, na alishangaa kunikuta natafuta chekeche.

"Mama, mwaka huu hawajaagiza."

"Nimesikia."

"Sasa unamkaangia nani?"

"Watakaopita."

Mwaka huo funga zetu zilianza karibu siku moja kabisa. Mkwe wangu naye alikuwa amefunga, hivyo Ijumaa nilionja mwenyewe kwa ncha ya ulimi, mlangoni, mchana kweupe, mbele ya majirani wawili, nikatema na kusukutua, nao wakaangaliana. Waangaliane. Jumamosi alfajiri nilikwenda kusimama pale ambapo mji unaishia na barabara ya Msanzi inaanza kupanda, mimi na mkwe wangu, kiroba kikiwa wazi juu ya kigoda. Sikumwita mtu wala sikutangaza. Wakaja na mishumaa yao na nyimbo zao, kila mmoja na pakiti inayong'aa mfukoni. Wengine walipita wakanisalimu tu, nikawaitikia na kuwaombea njia. Wengine waliweka mkono ndani ya kiroba, wakajaza mfuko wa pili. Yule mzee wa viatu begani alijaza mifuko yote miwili na kofia. Mwenyekiti wa vijana alisimama, akatazama pakiti yake, akanitazama mimi.

"Bi Mkubwa, si tulikwambia upumzike?"

"Mliniambia. Fungua mfuko."

Alifungua.

Sikuhesabu waliochukua na waliopita, na sitahesabu mwaka ujao. Sina uhakika kama kamati itanirudisha, na siwaombei washindwe. Pakiti za mwanangu ni riziki yake, na zabibu zake ni tamu, nimezila. Lakini maadamu Mungu ananiamsha kwa daku na ananipa mkono wa kushika mwiko, nitakuwa pale barabara inapoanza kupanda. Anayetaka kunipumzisha na aniombe kwa Yule aliyeniumba, maana pumziko langu liko kwake, na akiliamua hataleta kamati.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, popote ulipo na kwa dini yoyote unayoitafutia radhi ya Mungu wako: Mola akujaalie miguu ya kufika, na mfuko usiokauka, na mtu mpole nyumbani wa kukuambia ukweli, na moyo wa kumsikia mara ya kwanza. Safari yako iwe na maji kila bonde, na utakapofika, ukute mlango uko wazi. Amina.